Mpaka wa Nafsi ya Kitu: Sitiari ya Kloni katika Sura ya "Prototype" ya Design Patterns na Tatizo la Istilahi za Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanahakiki sura ya "Prototype" katika kitabu Design Patterns (1994) cha Erich Gamma, Richard Helm, Ralph Johnson na John Vlissides. Sura hiyo inapendekeza kwamba programu iunde vitu vipya kwa kunakili kitu kilichokwisha kuwapo. Kwa kuongozwa na Nadharia ya Sitiari Dhana ya Lakoff na Johnson (1980), makala yanabainisha kwamba sitiari ya kloni inaangaza wepesi wa kuzalisha na kufifiza swali la msingi: ni nini kinachonakiliwa, na ni nini kinachobaki kuwa cha pamoja baina ya asili na nakala? Swali hilo limo katika sura, lakini limewekwa mahali ambapo msomaji hulifikia akiwa amekwisha kushawishika. Makala yanahoji kwamba kuitafsiri sura hiyo kwa Kiswahili kunalirudisha swali mbele, kwa kuwa sarufi ya Kiswahili hutenganisha kilekile na kama kile, na hutenganisha kiungo cha kitu na mali ya kitu. Mwishoni yanapendekezwa majina matatu kwa mahusiano matatu ambayo kwa sasa hufunikwa na neno moja, nakala.

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa Kiswahili umezoea kushughulikia riwaya, tamthilia, ushairi na fasihi simulizi. Matini za kiufundi huachiwa wataalamu wa istilahi, nao mara nyingi huzishughulikia neno kwa neno: neno la Kiingereza upande mmoja wa ukurasa, kisawe cha Kiswahili upande wa pili. Utaratibu huo unasahau kwamba matini ya kiufundi nayo ina msimulizi, ina mpangilio wa hoja, na ina sitiari zinazobeba uzito wa maana. Istilahi inapong'olewa kutoka katika matini yake, sitiari iliyoizaa huachwa nyuma. Kisawe kinachopatikana huweza kuwa sahihi katika orodha na potofu katika matumizi.

Design Patterns ni mfano mzuri wa matini ya namna hiyo. Kitabu hiki, kilichotolewa na Addison-Wesley, kina ruwaza 23 za usanifu wa programu zinazojengwa kwa vitu, yaani programu ambamo data na operesheni zinazoihusu hufungwa pamoja katika kitu kimoja. Wazo la ruwaza lenyewe limetoka nje ya kompyuta: waandishi wanakiri deni lao kwa msanifu majengo Christopher Alexander. Kila ruwaza imeandikwa kwa vipengele 13 vilevile, kuanzia jina na lengo, kupitia motisha, muundo, washiriki, matokeo na utekelezaji, hadi ruwaza zinazohusiana nayo. Kwa hiyo sura ya "Prototype", inayosifu kuunda vitu bila kufuata kalibu, imeandikwa yenyewe kwa kufuata kalibu kali. Hali hiyo si kejeli tu. Kama itakavyoonekana, kalibu hiyo ndiyo inayoamua ni hoja ipi msomaji aikute mapema na ni ipi aikute akiwa amechelewa.

Suala hili lina uzito wa kivitendo. Mwanafunzi wa Afrika Mashariki anayesoma usanifu wa programu husoma kwa Kiingereza, kisha hueleza, huuliza na hubishana na wenzake kwa Kiswahili. Katika maelezo hayo neno nakala ndilo hubeba kila kitu. Iwapo neno hilo linaficha tofauti ambayo programu haiwezi kuifumbia macho, basi kosa huanzia katika lugha kabla halijafika kwenye mashine.

2.0 Mkabala wa Kinadharia

Lakoff na Johnson (1980) wanaeleza kwamba sitiari ni namna ya kufikiri, wala si pambo la lugha tu. Dhana moja hufahamika kupitia dhana nyingine, na katika kufahamika huko baadhi ya sifa huangazwa na nyingine hufichwa. Kwa mfano, anayesema kwamba muda ni mali huona wazi kwamba muda unaweza kupotezwa, lakini haoni kwa urahisi kwamba muda hauwezi kurejeshwa kama mali iliyoibwa. Katika makala haya swali linaloulizwa kuhusu kila sitiari ni hili moja: inaangaza nini na inafifiza nini?

Mkabala huo unaongezewa uchunguzi wa kisarufi wa aina mbili. Wa kwanza unahusu vionyeshi vilivyorudiwa, kama vile kilekile, uleule na vilevile, vinavyoonyesha utambulisho mmoja, vikilinganishwa na miundo ya kufananisha kama vile kama kile na sawa na kile. Wa pili unahusu umilikishi wa viungo, yaani miundo ambamo kiungo hutajwa bila kimilikishi baada ya kitenzi kinachokubaliana na mwenye kiungo, kama katika meza imevunjika mguu.

3.0 Kalibu na Kielelezo

Kuna njia mbili za kale za kutengeneza vitu vinavyofanana. Mteja anaweza kumwendea fundi cherehani, akapimwa, fundi akachora vipande kwenye karatasi na kukata kitambaa kwa kuufuata mchoro. Au anaweza kufungua mfuko, akatoa gauni na kusema, "Nishonee kama hili." Katika njia ya kwanza maarifa ya gauni yamo katika mchoro, na mchoro hauvaliki. Katika njia ya pili maarifa yamo katika gauni lenyewe, pamoja na yote yaliyolipata gauni hilo tangu liliposhonwa: kiuno kilichopunguzwa baadaye, mkono mmoja uliorefushwa, hata doa.

Lugha nyingi za uprogramu zilifuata njia ya kwanza. Simula 67, iliyobuniwa na Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard nchini Norwei, iliweka msingi wa klasi: maelezo ya jumla ambayo kwayo vitu mahususi hufinyangwa. Smalltalk, iliyokuzwa katika maabara ya Xerox PARC katika miaka ya 1970, iliendeleza mkondo huo. Katika fikra hiyo klasi hutangulia na kitu hufuata. Kwa lugha ya ufundi, klasi ni kalibu: umbo tupu linalosubiri madini yaliyoyeyushwa.

Njia ya pili nayo ina historia. Mwaka 1963 Ivan Sutherland aliwasilisha Sketchpad, mfumo wa kuchorea kwa kompyuta ambamo mchoro mkuu uliweza kutokezwa mara nyingi, na badiliko katika mchoro mkuu likaonekana katika matokezo yake yote. Mwaka 1986 Henry Lieberman alihoji kwamba binadamu hujifunza kwanza kwa mfano mahususi, kisha ndipo hujumuisha. Mfano wake maarufu ni tembo aitwaye Clyde: anayemjua Clyde akisikia habari za tembo mwingine, Fred, humdhania Fred kuwa kama Clyde mpaka aambiwe vinginevyo. Mwaka 1987 David Ungar na Randall Smith walichapisha maelezo ya lugha ya Self, ambayo haina klasi kabisa. Kitu kipya hupatikana kwa kunakili kitu kingine.

Design Patterns inasimama katikati ya njia hizi mbili. Mifano yake ya msimbo imeandikwa kwa C++ na Smalltalk, ambazo ni lugha za klasi, lakini katika sura ya "Prototype" inaazima mbinu ya kielelezo na kuipandikiza humo. Waandishi wenyewe wanasema kwamba katika Self ruwaza hii imo ndani ya lugha. Sura yao basi ni kazi ya tafsiri: inahamisha wazo kutoka katika mazingira yaliyolilea hadi katika mazingira mageni. Kama kila tafsiri, inapata na inapoteza.

4.0 Kloni kama Sitiari

Motisha ya sura hiyo inasimuliwa kupitia mhariri wa nota za muziki. Programu ya jumla ya kuhariri michoro ina zana ya kuongeza umbo kwenye ukurasa, lakini zana hiyo haifahamu nota, vituo wala mistari ya muziki. Kuunda klasi ndogo ya zana kwa kila aina ya nota kungezaa utitiri wa klasi zinazotofautiana kwa jambo dogo tu. Suluhisho ni kuipa zana nota moja iliyo tayari, na kuiagiza zana iinakili kila mtumiaji anapobofya. Zana haihitaji kujua imeshika nini. Inatosha kujua kwamba kilichoshikwa kinanakilika.

Usimulizi huo una mvuto wa hadithi fupi: tatizo, kero inayoongezeka, na ufumbuzi unaoondoa kero yote kwa tendo moja. Tendo hilo limepewa jina la kibayolojia, kloni. Neno hilo lilianza kutumika katika sayansi ya mimea mwaka 1903, Herbert Webber alipolipendekeza kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kijiti, ili kutaja mimea inayozalishwa kwa vipande vya mmea mwingine bila mbegu. Mkulima wa mhogo analijua jambo hili bila kulihitaji jina la Kigiriki. Hukata pingili za shina la mhogo uliozaa vizuri, akazipanda, na kila pingili ikawa mhogo wa aina ileile.

Sitiari hii inaangaza mambo mawili: wepesi na ukamilifu. Pingili haihitaji kuelezwa namna ya kuwa mhogo. Vivyo hivyo kitu kinachonakiliwa kinakuja na kila kilichomo, na anayekinakili hahitaji kujua kimeundwaje. Lakini mkulima huyohuyo anajua upande wa pili, ambao sura haiuchukui inapoazima neno. Pingili iliyokatwa kwenye shina lenye batobato huupeleka ugonjwa huo katika shamba jipya. Kielelezo hunakiliwa pamoja na hali yake ya wakati huo, na hali hiyo si lazima iwe ile iliyokusudiwa.

Kuna jambo la tatu ambalo sitiari ya kibayolojia inalifuta kabisa. Pingili ikishakatwa, hakuna mshipa unaoiunganisha na shina la awali. Mihogo miwili haiwezi kushiriki jani moja. Vitu viwili ndani ya kompyuta vinaweza. Hapo ndipo sitiari inapomwacha msomaji njiani, na hapo ndipo panapohitaji uhakiki.

5.0 Mlango wa Vyumba Vilevile

Katika kipengele cha ushirikiano, sura inaeleza kwa sentensi moja kwamba mteja huomba kielelezo kijinakili. Kiingereza hutumia hapo kiwakilishi rejeshi, na Kiswahili hutumia kiambishi -ji-. Kiambishi hicho kinamfanya mtenda kuwa mtendwa: kilichonakili ndicho kilichonakiliwa. Sentensi inasomeka vizuri, nayo inaelekea kuwa wazi. Ugumu unajitokeza msomaji anapouliza -ji- hiyo inarejelea nini hasa. Nafsi ya kitu inaishia wapi?

Mfano wa msimbo katika sura hiyo unalifanya swali hilo lionekane. Waandishi wanajenga mchezo wa maze, yaani jengo la vyumba vyenye njia za kupotezana, na kiwanda cha maze kinachopewa vielelezo vinne: maze, ukuta, chumba na mlango. Kwa kubadilisha vielelezo, kiwanda kilekile kinaweza kujenga maze ya kawaida au maze yenye kuta zilizolipuliwa na vyumba vyenye bomu. Mlango katika mchezo huo unavijua vyumba viwili unavyoviunganisha. Unaponakiliwa, kiundaji cha nakala kinahamisha marejeo mawili ya vyumba kama yalivyo, bila kuvinakili vyumba vyenyewe. Mara tu baada ya hapo operesheni nyingine huitwa ili kuupa mlango mpya vyumba vyake. Laiti mlango wa kielelezo ungekuwa tayari na vyumba, na operesheni hiyo ya pili ikasahauliwa, mlango mpya ungefunguka katika vyumba vilevile vya mlango wa awali.

Kiswahili kinalifichua jambo hili kwa kionyeshi kilichorudiwa. Kusema mlango mwingine wenye vyumba vilevile si sawa na kusema mlango mwingine wenye vyumba kama vile. Sentensi ya kwanza inadai vyumba viwili tu duniani. Ya pili inadai vinne. Neno nakala, likiachwa peke yake, halisemi ni ipi kati ya sentensi hizo inayokusudiwa.

Hasara yake inaeleweka zaidi katika mfano wa kawaida kuliko wa maze. Tuseme programu ya duka inatunza ankara, na kila ankara ina orodha ya bidhaa. Mwandishi wa programu anataka ankara mpya inayofanana na ya jana, hivyo anainakili. Iwapo kilichohamishwa ni rejeo la orodha na si orodha yenyewe, kila bidhaa itakayoongezwa leo itaingia pia katika ankara ya jana, ambayo huenda imekwisha kulipwa. Mashine haitalalamika. Kwa upande wake, ankara mbili zenye orodha ileile ni jambo halali.

Haki inadai isemwe kwamba waandishi wa Design Patterns hawakulificha tatizo hili. Katika kipengele cha utekelezaji wanakiri kwamba kutekeleza operesheni ya kunakili kwa usahihi ndiyo sehemu ngumu kuliko zote katika ruwaza hii, hasa panapokuwa na marejeo yanayozunguka na kurudi yalikotoka. Wanatofautisha kunakili kwa juu na kunakili kwa kina, na wanaonya kwamba vielelezo vyenye muundo changamano kwa kawaida huhitaji kunakiliwa kwa kina. Lawama inahusu mpangilio. Lengo, motisha, matumizi yafaayo, muundo, washiriki na ushirikiano vyote vimetangulia. Katika matokeo, faida tano zimeorodheshwa kabla ya dosari moja. Kalibu ya vipengele 13 ndiyo iliyoamua kwamba ugumu ni suala la utekelezaji, yaani la fundi, na si suala la maana, yaani la msanifu. Hali si hivyo. Kuamua kipi kinakiliwe na kipi kishirikiwe ni kuamua kitu ni nini.

Historia ya Java inathibitisha uzito wa suala hilo. Lugha hiyo, iliyotolewa katikati ya miaka ya 1990, ilijaribu kuweka kunakili ndani ya lugha yenyewe. Kila kitu kilirithi operesheni ya kunakili, na klasi ilipaswa kujitangaza kuwa inanakilika ili iruhusiwe kuitumia. Lakini tangazo lenyewe halikuwa na operesheni yoyote ndani yake. Joshua Bloch, katika Effective Java (2001), aliuhakiki mpango huo vikali. Miongoni mwa hoja zake ni kwamba unazalisha kitu bila kupitia kiundaji chake, na kwamba hali ya kawaida ya kunakili ni ya juu, hivyo kila klasi yenye viungo vinavyobadilika italazimika kuikarabati. Wabunifu wa Java walitoa ruhusa ya kunakili bila kulijibu swali la mpaka wa nafsi.

6.0 Kielelezo Kisichonakiliwa

Tatizo linaongezeka kwa sababu jina lilelile la kielelezo limetumika kwa uhusiano mwingine kabisa. Katika JavaScript, iliyobuniwa na Brendan Eich mwaka 1995 chini ya athari ya Self, kila kitu kina kiungo kinachokipeleka kwa kielelezo chake. Kitu kikiulizwa sifa ambayo hakina, swali hupelekwa kwa kielelezo. Kielelezo kisipokuwa nayo, hupelekwa kwa kielelezo cha kielelezo. Hakuna kinachonakiliwa. Sifa ikiongezwa kwenye kielelezo leo, vitu vilivyoundwa jana vinaipata papo hapo. Sarufi ya klasi iliyoingizwa mwaka 2015 haikubadili utaratibu huo. Iliuvalisha nguo nyingine.

Uhusiano huu uko karibu na tembo wa Lieberman kuliko nota ya Gamma na wenzake. Fred si nakala ya Clyde. Fred ni tembo asiye na maelezo yake kamili, ambaye maswali yanayomhusu hujibiwa na Clyde. Clyde akizeeka, majibu kuhusu Fred nayo huzeeka. Self yenyewe hutumia njia zote mbili kwa pamoja: kitu kipya hunakili hali ya kielelezo, lakini tabia za pamoja hubaki kwa mzazi anayerejelewa na wote.

Kiswahili cha utawala kina neno linaloubeba uhusiano huu kwa usahihi, nalo ni kukasimu. Mkurugenzi anapokasimu madaraka kwa afisa, madaraka hayanakiliwi. Yanatekelezwa na mwingine kwa niaba yake, na uhusiano unaendelea kuwa hai. Kitu cha JavaScript kinakasimu swali. Anayeita kasimu hiyo nakala humfundisha mwanafunzi kutarajia utengano mahali ambapo pana utegemezi.

7.0 Kuelekea Istilahi Zinazobeba Tofauti

Uchaguzi wa istilahi unapaswa kuanza na dhana ya kielelezo. Miongoni mwa maneno yanayoweza kufikiriwa ni kiolezo, kigezo, kifani na kielelezo. Kiolezo na kigezo yote huelekea upande wa kalibu: ni vitu vya kufuatishwa au kupimia. Wikipedia ya Kiswahili, kwa mfano, hutumia kigezo kwa kurasa za mfano zinazojazwa ndani ya kurasa nyingine, na matumizi hayo yanafaa kwa sababu kurasa hizo haziko kwa ajili ya kusomwa zenyewe. Kifani kina mvuto, lakini katika Kiswahili cha kila siku neno hilo huishi zaidi ndani ya ukanushi: jambo lisilo na kifani ni jambo la pekee. Kielelezo kinafaa zaidi, kwa kuwa hutaja kitu halisi kinachoonyeshwa ili kieleze vingine, na hicho kitu hakipotezi hadhi yake ya kuwa kimoja miongoni mwa vingine.

Kuhusu kunakili, kitenzi chenyewe kina kumbukumbu ndefu katika utamaduni wa maandishi wa pwani. Muhamadi Kijuma wa Lamu aliwanakilia wataalamu wa Ulaya tenzi nyingi kwa hati ya Kiarabu. Nakala iliyokwisha kuondoka Lamu ilikuwa na maisha yake: marekebisho yaliyofanywa baadaye katika mswada uliobaki hayakuifikia, wala kosa lililoingia katika nakala halikuurudia mswada. Kwa hiyo, maana ya kihistoria ya kunakili ni nakala huru. Mwanafunzi anayelisikia neno hilo hutarajia uhuru huo, ilhali lugha nyingi za programu humpa kinyume chake bila kumwonya.

Tafsiri za moja kwa moja, nakala ya juujuu na nakala ya kina, hazitoshi. Katika Kiswahili kufanya jambo juujuu ni kulifanya kwa uzembe. Istilahi hiyo inahukumu kabla ya kueleza, kana kwamba kushiriki sehemu ni kosa daima. Kuna mahali ambapo kushiriki ndiko sahihi: nota elfu moja zinaweza kutumia picha moja ya umbo lao bila madhara, mradi picha hiyo haibadiliki. Makala haya yanapendekeza nakala shiriki kwa nakala inayobakiza sehemu za pamoja na asili yake, nakala huru kwa nakala isiyobakiza sehemu yoyote inayoweza kubadilika, na kasimu kwa uhusiano usio wa nakala kabisa. Majina hayo yanaeleza uhusiano baina ya vitu viwili, wala hayaelezi kina ambacho hakuna anayekiona.

Je, mwandishi wa programu ataamuaje ni nakala ipi inayohitajika? Hapa sarufi ya umilikishi wa viungo inatoa kipimo cha awali. Msemaji wa Kiswahili husema meza imevunjika mguu, kikombe kimevunjika mkono, nyumba imebomoka ukuta. Hasemi meza imevunjika kikombe, hata kama kikombe kilikuwa juu ya meza. Muundo wa kwanza hukubali viungo tu, yaani sehemu ambazo jeraha lao ni jeraha la kitu kizima. Kwa kipimo hicho, chumba kimebomoka ukuta ni sentensi sahihi, hivyo kuta ni viungo vya chumba na zinapaswa kunakiliwa pamoja nacho. Mlango umebomoka chumba haikubaliki, hivyo vyumba si viungo vya mlango, vinarejelewa tu. Ankara imechanika ukurasa inakubalika. Ankara imefariki mteja haikubaliki, na kwa kweli hakuna anayetaka kumzalisha mteja wa pili kwa kunakili ankara yake.

Kipimo hiki kina mpaka wake. Chumba kimevunjika mlango inakubalika kwa chumba cha upande huu na kwa chumba cha upande wa pili, ilhali mlango ni mmoja. Kiungo kinaweza kuwa cha wawili. Sarufi haimwambii msanifu la kufanya katika hali hiyo; inamwonyesha kwamba amefika mahali pa kuamua. Ni huduma kubwa hata hivyo, kwa kuwa makosa mengi ya kunakili hayatokani na uamuzi mbaya. Yanatokana na kutojua kwamba palikuwa na uamuzi.

8.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonyesha kwamba sura ya "Prototype" inashawishi kwa sitiari inayoahidi kitu kizima kwa tendo moja, na kwamba mpangilio wa sura unaliahirisha swali la mpaka wa nafsi ya kitu mpaka liwe suala la utekelezaji. Waandishi walilijua swali na walilitaja. Kalibu yao haikulipa nafasi inayostahili. Umeonyesha pia kwamba jina la kielelezo hutumika kwa mahusiano yanayopingana: moja linalokata uzi baina ya asili na nakala, jingine linalouacha uzi huo ukiwa hai.

Kwa wataalamu wa istilahi, jambo la kuzingatia ni kwamba kisawe kimoja kwa neno moja la Kiingereza si utiifu kwa matini ikiwa neno hilo la Kiingereza lenyewe linachanganya mambo. Mtafsiri anayelazimika kuchagua kati ya vilevile na kama vile amekwisha kulijibu swali ambalo mwandishi wa asili aliliahirisha. Na kwa walimu wanaofundisha usanifu wa programu katika madarasa ambamo Kiswahili ndicho lugha ya maswali, inafaa nakala isitajwe bila sifa yake. Mwanafunzi akisema amenakili ankara, aulizwe kwanza: orodha ni ileile, au ni kama ile?